Helmeti ilizaliwa hospitalini, sisi tukaipokea kwa trafiki

Wadau, leo tuzungumzie kitu ambacho kila mmoja wetu anakiona kila siku lakini historia yake hatuisimulii. Nazungumzia helmeti, au kofia ngumu, au "elementi" kama wanavyoiita vijana wengi wa bodaboda.

Ukisimama Maili Moja pale Kibaha asubuhi, watu wanapowahi makazini na shuleni, utaiona helmeti kila mahali isipokuwa mahali pake. Ipo iliyoning'inia kwenye usukani, ipo iliyowekwa juu ya tenki, ipo iliyopachikwa kwenye kiwiko cha dereva kama kikapu cha sokoni. Ukienda upande wa pili wa mkoa wetu wa Pwani, ukatoka Gongo la Mboto na kupanda vilima vya Pugu kuelekea Kisarawe, hali ni hiyohiyo. Abiria anapewa helmeti, anaambiwa, "Dada, weka tu juu juu, pale mbele kuna trafiki." Trafiki wakipitwa, helmeti inavuliwa.

Wengi tunaichukulia helmeti kama tunavyoichukulia leseni au stika ya bima, yaani ni kitu cha kumwonyesha askari. Lakini asili yake haiko polisi. Helmeti ya pikipiki ilitokana na madaktari waliochoka kupokea watu waliopasuka vichwa. Hebu tuifuate hadithi hiyo kwa miaka yake, maana ndani yake ndimo yalimo majibu ya mambo tunayobishana vijiweni.

Tuanzie Uingereza, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Huko Brooklands kulikuwa na uwanja wa mashindano ya magari na pikipiki, na daktari mmoja, Eric Gardner, aliona kwamba kila baada ya muda mfupi analetewa mwendeshaji aliyeumia kichwa. Akatengenezesha kofia ya turubai iliyokaushwa kwa gundi ya lakri mpaka ikawa ngumu. Wasimamizi wa mashindano mwanzoni waliikataa. Baadaye wakakubali, na katika mashindano ya TT ya kisiwa cha Man mwaka 1914 kila mshindani alitakiwa kuivaa. Nje ya viwanja vya mashindano, hata hivyo, watu waliendelea kupanda pikipiki vichwa wazi kwa miaka mingine mingi.

Kilichobadilisha mambo ni kifo cha mtu maarufu. Tarehe 13 Mei 1935, T. E. Lawrence, yule mwanajeshi wa Uingereza aliyejulikana kama Lawrence wa Arabia, alikuwa kwenye pikipiki yake ya Brough Superior karibu na nyumbani kwake huko Dorset. Akakwepa vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli, akaanguka. Hakuwa na helmeti. Alikaa siku sita bila fahamu, akafariki tarehe 19 Mei, akiwa na umri wa miaka 46. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, mzaliwa wa Australia. Hakukuwa na la kufanya tena.

Cairns hakuishia kusikitika, alianza kuhesabu. Vita vya Pili vilipoanza, jeshi la Uingereza lilitumia pikipiki nyingi kupeleka ujumbe, na barabarani usiku kulikuwa giza kwa sababu taa zilizimwa kuogopa mabomu. Mwaka 1941 Cairns alichapisha makala katika jarida la madaktari wa Uingereza. Alionyesha kwamba katika miezi 21 ya mwanzo ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa kwa ajali za barabarani, na chanzo kikubwa cha vifo hivyo kilikuwa majeraha ya kichwa. Kwa upande mwingine alikuwa amekutana na majeruhi saba tu waliokuwa wamevaa helmeti, na wote saba walipona. Novemba mwaka huohuo jeshi likaamuru askari wake wote wa pikipiki wavae helmeti wawapo kazini. Mwaka 1946 Cairns alirudi na hesabu nyingine, akaonyesha kwamba tangu amri ile itoke, vifo vya waendesha pikipiki vilishuka.

Hapo unaona tofauti kubwa. Askari wale hawakuvalishwa helmeti ili wapite kizuizi. Walivalishwa kwa sababu kuna mtu alihesabu maiti.

Kofia za wakati ule bado zilikuwa ngumu tu kwa nje. Mwaka 1953 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, C. F. Lombard, alipata hataza ya helmeti yenye tabaka maalumu ndani, linalobonyea na kumeza nguvu ya kishindo kabla haijafika kwenye ubongo. Hiyo ndiyo siri ya helmeti mpaka leo. Ganda la nje linakwaruzika na kusambaza kishindo, na lile povu gumu jeupe la ndani, linalofanana na lile linalofungashiwa televisheni mpya, ndilo linalokufa badala yako. Kwa hiyo helmeti iliyokwishapata ajali moja imemaliza kazi yake, hata kama kwa nje bado inang'aa.

Mwaka 1956 dereva wa mashindano wa Marekani, Pete Snell, alikufa gari lake lilipopinduka, ingawa alikuwa amevaa helmeti iliyosifiwa sana wakati ule. Rafiki zake wakaanzisha taasisi kwa jina lake mwaka 1957 ili helmeti zipimwe maabara badala ya kuaminiwa kwa maneno ya muuzaji. Kuvaa kofia hakutoshi kama kofia yenyewe haijulikani uwezo wake.

Sheria zilikuja nyuma ya haya yote. Jimbo la Victoria, Australia, lilianza kulazimisha helmeti mwaka 1961. Uingereza yenyewe ilichelewa hadi 1973, miaka 21 baada ya Cairns kufariki. Sheria yetu ya Usalama Barabarani, Namba 30, nayo ni ya mwaka huohuo wa 1973. Lakini kwetu pikipiki ilikuwa bado ya watu wachache: padri, bwana shamba, bwana afya. Bodaboda zilianzia kwenye baiskeli za mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, na baadaye zikawa pikipiki. Kwetu zikafurika katika miaka ya 2000, baada ya pikipiki za bei nafuu kutoka China na India kuingia sokoni. Serikali ikatambua kisheria kwamba pikipiki inabeba abiria kwa malipo mwaka 2009, na mwaka 2010 zikatoka kanuni za usafirishaji wa pikipiki na bajaji.

Wadau, mnaona tulivyoipokea? Wenzetu waliona majeruhi kwanza, wakahesabu, wakatengeneza helmeti, sheria ikaja mwisho. Kwetu sheria na askari walitangulia, na hesabu tunaletewa hospitalini. Hospitali ya Tumbi pale Kibaha, ambayo mizizi yake ni mradi wa nchi za Nordic ulioanza mwaka 1963, iko jirani na barabara ya Morogoro, moja ya barabara zenye magari mengi zaidi nchini. Ukitaka kujua kwa nini Cairns alihangaika, waulize wauguzi wa hospitali zilizo kando ya barabara kuu kama ile.

Najua hoja za vijiweni. Ya kwanza, "Nikivaa sisikii honi wala sioni pembeni." Timu ya Harry Hurt huko Marekani ilichunguza ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, ikatoa ripoti mwaka 1981. Haikuona kwamba helmeti iliwazuia watu kusikia au kuona hatari. Ya pili, "Siku ikifika imefika." Mwaka 2008 watafiti waliokusanya tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali walikuta kwamba helmeti inapunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Siku haijulikani, lakini kujikinga tumeruhusiwa. Ya tatu ni ya dada zetu: jasho la watu na nywele zilizosukwa jana. Hii ina ukweli wake, na dawa yake ni kitambaa safi chini ya helmeti, au ushungi uliofungwa vizuri bila fundo nene.

Basi kabla ya kupanda, iwe ni safari ya Mlandizi au ya Maneromango, fanya ukaguzi wa nusu dakika. Tazama ganda kama lina ufa. Chungulia ndani: povu lipo, au limebaki ganda na sponji tu? Ivae ishuke mpaka juu kidogo ya nyusi, ikubane mashavuni bila kuumiza. Tikisa kichwa, ikicheza, ni kubwa. Funga mkanda wa kidevuni, uache nafasi ya vidole viwili tu. Kisha mwambie mtu aisukume kwa nyuma kuelekea mbele. Ikivuka na kutoka, ujue hiyo ni kofia ya kumwonyesha trafiki, maana ukianguka itatangulia yenyewe na kichwa kitafuata peke yake. Na usiisafishe kwa petroli, maana petroli hula ganda na povu. Maji na sabuni vinatosha.

Abiria, una haki ya kukataa helmeti iliyokatika mkanda na kuita bodaboda mwingine. Abiria wakianza kukataa, wenye vijiwe watanunua nyingine. Dereva naye ajue kwamba helmeti ya pili si mzigo, ni sehemu ya huduma anayolipwa.

Nawasilisha, wadau. Tufike salama.