Ali Mazrui na Miaka Kumi ya Makerere

Mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari ulimpa Ali Mazrui wa Mombasa daraja la tatu, na Chuo cha Makerere cha Kampala, Uganda, hakikumchukua. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali, Kadhi Mkuu wa Kenya, alifariki mwaka 1947; kijana akafanya kazi ya ukarani. Mwaka 1955 akapata ufadhili wa kusoma Uingereza. Shahada ya kwanza aliipata Manchester mwaka 1960, ya uzamili Columbia mwaka 1961, na ya uzamivu Oxford mwaka 1966.

Kabla hata hajakamilisha uzamivu, Makerere ileile ilikwishamwajiri, mwaka 1963. Miaka miwili baadaye alikuwa profesa wa sayansi ya siasa, kisha mkuu wa Kitivo cha Sayansi za Jamii. Vyeo vilikuja haraka, lakini kikubwa alichofanya ni kuitoa siasa darasani na kuileta mbele ya umma. Mwaka 1966, Rais Nkrumah wa Ghana akiwa amekwisha kupinduliwa, Mazrui aliandika katika jarida la Transition la Kampala kwamba kiongozi huyo alikuwa mfuasi wa Lenin aliyetawala kama mfalme wa Urusi. Wengi walikasirika. Mwaka uliofuata akawageukia wasomi wa Magharibi waliokuwa wamelewa mapenzi ya Tanzania ya Rais Nyerere. Mwanahistoria wa mrengo wa kushoto Walter Rodney naye alipokuja Makerere mwaka 1970, wakapambana kwa hoja hadharani. Kwangu mimi, Rodney aliuona vizuri zaidi mkono wa ubepari. Mazrui aliiona mapema hatari ya mtawala asiyeulizwa.

Na hatari ilikuwa imekwisha kubisha hodi. Mwaka 1968 serikali ya Rais Obote wa Uganda ilimtia kizuizini Rajat Neogy, mhariri wa Transition. Jenerali Idi Amin akaipindua serikali hiyo mwaka 1971. Mwaka uliofuata Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa chuo, alikamatwa na hakuonekana tena. Mazrui akaondoka Uganda mwaka 1973.

Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kikampokea, baadaye cha Binghamton. Mihadhara ya Reith ya BBC mwaka 1979 na filamu za mwaka 1986 kuhusu urithi wa Afrika wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi zilimfanya ajulikane duniani, ingawa aina zote tatu za urithi huo alikwishaziishi nyumbani Mombasa. Rais Kibaki alimteua kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta mwaka 2003. Ni cheo cha heshima, hakina darasa. Waliokaa mbele yake kama wanafunzi kwa muda mrefu zaidi walikuwa Marekani. Wa Kampala walimpata kwa miaka kumi tu.