Safu ya Lugha: Modeli, mfano na sanamu

Hapa Murara, mtaa wa Goma, ukitaja "modeli", watu wanawaza fundi cherehani na picha za magauni alizobandika ukutani. Matumizi hayo siyakatai. Neno tumelitoa kwenye Kifaransa, nacho kililitoa kwa Waitaliano, na mzizi wake wa Kilatini, modulus, ulimaanisha kipimo kidogo.

Kipimo ndicho kinachonigombanisha na wanaoita kila kichezeo modeli. Gari la waya analosukuma mtoto juu ya mawe ya lava ni mfano wa gari, tena mzuri, ila halina hesabu. Modeli ina hesabu. Chukua Class 08, kichwa cha treni cha dizeli cha Uingereza, kile cha kupangia mabehewa stesheni. Urefu wake ni karibu mita 8.9. Kwa uwiano wa 1:76, modeli yake haina budi kuwa na milimeta 117 hivi. Magurudumu, ngazi, hata vitasa vya milango, vyote vigawanywe kwa 76. Ukirefusha bomba la moshi kwa kuwa linapendeza, umesharudi kwenye mfano.

Na yule mwanamume wa rangi ya dhahabu anayesukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo, mjini Goma? Hiyo ni sanamu. Imewekwa kutukuza, si kupimwa.

Basi anayeuza modeli ya treni aandike uwiano kwenye boksi. Asipouandika, aiite kichezeo.