Masafa ya Fokasi ya Lenzi ya Makro na Lenzi ya Kawaida: Historia Fupi na Funzo kwa Uhifadhi wa Miswada

Makala hii inalinganisha lenzi ya kawaida na lenzi ya makro kwa upande wa masafa ya fokasi, yaani umbali wote ambamo lenzi huweza kutoa taswira iliyo wazi. Hoja kuu ni kwamba tofauti baina yake haikomei kwenye ukaribu, bali inahusu pia umbali ambao mbunifu aliukusudia.

Ili kulenga kitu kilicho karibu, sharti lenzi isogezwe mbele, mbali na filamu. Lenzi ya milimita 50 husogezwa milimita 25 ili taswira iwe nusu ya kitu chenyewe, na milimita 50 ili ilingane nacho. Lenzi nyingi za kawaida za urefu huo husogea milimita 7 au 8 tu; hukomea takriban sentimita 45, taswira ikiwa karibu moja ya saba ya kitu. Zamani pengo hilo lilizibwa kwa pete za kurefushia na mivukuto. Vifaa hivyo vilileta ukaribu, lakini kamera haikuweza tena kulenga mbali hadi vitolewe.

Mwaka 1955 Mjerumani Heinz Kilfitt alitoa Makro-Kilar ya milimita 40, iliyolenga kuanzia upeo wa mbali kabisa hadi karibu sana bila kifaa cha ziada. Mwaka 1956 kampuni ya Nippon Kogaku ya Japani ikatoa Micro-Nikkor ya sentimita 5. Chimbuko lake lilikuwa maandishi: herufi za kanji zina mistari mingi iliyosongamana, na lenzi zilizotosha kunakili herufi za Kilatini kwenye mikrofilamu hazikuzitosheleza.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Lenzi ya kawaida husahihishwa hasa kwa vitu vya mbali. Ikisogezwa karibu na ukurasa, katikati huweza kuonekana vizuri ilhali pembe zimefifia. Lenzi ya makro husahihishwa kwa umbali mfupi na kwa kitu bapa. Gharama yake ni upenyo mdogo: Micro-Nikkor hiyo ilikuwa na f/3.5, ilhali lenzi za kawaida zilifikia f/1.4. Kwa hati iliyolazwa mezani chini ya taa, upungufu huo si mkubwa.

Funzo hili linaihusu kanda yetu moja kwa moja. Miswada mingi ya kale ya Kiswahili, ikiwemo ile ya Dar es Salaam iliyoorodheshwa na J.W.T. Allen katika katalogi ya mwaka 1970, imeandikwa kwa hati za Kiarabu. Katika hati hizo, aghalabu herufi za b, t na th hutofautishwa kwa nukta peke yake. Nukta ikipotea pembeni mwa ukurasa, neno hugeuka, na msomaji wa nakala hana njia ya kulijua hilo.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba taasisi zinazonunua vifaa vya kunakili miswada zisitosheke na idadi ya pikseli wala umbali wa chini wa fokasi. Zidai jaribio: ukurasa wenye maandishi madogo upigwe picha, kisha nukta za pembe zote nne zikaguliwe kabla ya mkataba kutiwa saini.