Mzinga ndio uliofanya manowari

Juzi katika kituo cha matatu hapa Noonkopir, msomaji mmoja alinisimamisha: "Mwalimu, manowari lazima iwe ya baharini?"

La. Neno tulilikopa kwa Waingereza, kutoka "man-of-war", nao hawakutaja bahari. Nilimpa mfano wa Ziwa Tanganyika.

Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913, kubeba abiria na mizigo. Ilifunguliwa vipandevipande, ikaletwa Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Ilipoteremshwa ziwani 1915 vita vilikuwa vimechacha, na Wajerumani wakaifunga mzinga wa Königsberg, manowari iliyoangamia katika delta ya mto Rufiji. Meli ya abiria ikawa manowari hivyo tu.

Waingereza nao walileta vijimashua viwili vya mizinga, Mimi na Toutou. Majina hayo ni ya Kifaransa cha watoto, paka na mbwa (Mswahili akiitwa na "Mimi" atauliza, wewe nani?). Mimi kilisaidia kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916, lakini kamanda wao hakuthubutu kuigusa Goetzen.

Baadaye mzinga ule ukang'olewa, ukapelekwa vita vya nchi kavu. "Basi haikuwa manowari tena," akasema msomaji wangu. Mimi nakataa. Wajerumani walipohama Kigoma Julai 1916, waliizamisha wenyewe adui asiipate, mitambo wakiwa wameipaka grisi.

Iliopolewa 1924. Tangu 1927 inaitwa Liemba, na hapo ndipo tulipokubaliana: hiyo ni meli tu.