Usafishaji wa vigumba vya mawe (Lualaba)

Usafishaji wa vigumba vya mawe ni kazi ya kuondoa udongo na uchafu kwenye ncha za mishale na zana nyingine za mawe zilizookotwa ardhini. Wakusanyaji wengi huongeza hatua ya pili, nayo ni kulipaka jiwe mafuta ili ling'ae na rangi yake ikolee. Wanaakiolojia huipinga hatua hiyo, kwa kuwa mng'ao huo hufuta ushahidi uliobaki juu ya jiwe.

Zana za eneo la Kolwezi

Mahali panapojulikana zaidi ni Kamoa, magharibi ya Kolwezi, katika jimbo la Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 1975 makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yalichapisha utafiti wa mwanaakiolojia Daniel Cahen kuhusu mahali hapo, kuanzia Zama za Mawe za Kale hadi Zama za Chuma. Leo jina hilo limeenea zaidi kwa sababu ya mgodi wa Kamoa-Kakula, ulioanza kutoa shaba mwaka 2021. Si kila jiwe kali linalookotwa huko ni kigumba: zana za kale zaidi ni mashoka ya mkono, makubwa na mazito, na vipande vidogo vya kutia kwenye mishale vilienea baadaye sana. Jiwe lililotumika mara nyingi ni jiwe la mchanga lililogandishwa na silika, ambalo hupasuka kwa ukingo mkali.

Athari za mafuta

Jiwe lililokaa ardhini muda mrefu hupata utandu, yaani ganda jembamba lililobadilika rangi. Likitazamwa kwa kioo cha kukuza, huenda makovu mengine ya kuchongwa yakaonekana yamefifia chini ya utandu na mengine yangali mapya. Tofauti hiyo huonyesha kwamba mtu wa baadaye aliliokota jiwe la kale akalichonga upya. Mafuta hupenya kwenye ganda, huyatia makovu yote weusi wa namna moja, na tofauti hiyo haisomeki tena.

Hasara nyingine ni ya maabara. Ukingoni huweza kubaki mikwaruzo ya matumizi, na penye kishikio utomvu uliogundisha kigumba kwenye wano. Mafuta huchafua mabaki hayo. Vilevile huwazuia watafiti kuunganisha vipande vya jiwe moja, kazi inayotegemea rangi na chembe za jiwe. Kwa kuunganisha vipande vya namna hiyo huko Gombe, Kinshasa, Cahen alibaini kwamba mawe huhama juu na chini ndani ya mchanga. Zaidi ya hayo, mafuta ya mimea huweza kuganda baada ya muda, yakawa ya manjano na yenye kunata, yakashika vumbi.

Njia inayokubalika

Kabla ya kuliinua jiwe, hupigwa picha mahali lilipo, pamoja na rula, na mahali hapo huandikwa. Jiwe linalokusudiwa kuchunguzwa mabaki halioshwi kabisa. Mengine husuguliwa taratibu kwa brashi laini na maji matupu, yakakaushwa kivulini. Sabuni, brashi ya waya, siki na limau havitumiki. Asidi iliyo katika siki na limau hula chokaa na malakiti, madini ya kijani ya shaba yanayopatikana kwa wingi Kolwezi, hivyo huweza kuondoa alama ya udongo ambamo jiwe lilitoka. Kila jiwe huwekwa katika mfuko wake pamoja na lebo.

Sheria

Mali ya utamaduni nchini Kongo inalindwa na sheria Na. 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971. Katika jimbo la zamani la Katanga, ambalo Lualaba ilikuwa sehemu yake, makumbusho ya Lubumbashi yalianzishwa mwaka 1946, na mtu wa Kolwezi anaweza kuyaendea akitaka zana yake itambuliwe.

Mawe yaliyokwisha kupakwa mafuta

Spiriti au asetoni huondoa sehemu tu ya mafuta, na huweza kubeba mabaki ya kale pamoja nayo. Mwenye jiwe la namna hiyo huliacha lilivyo, kisha huandika kwenye lebo aina ya mafuta na mwaka yalipopakwa, ili mtafiti ajue alama ipi ni ya jiwe na ipi ni ya mkusanyaji.