Mti Mmoja, Historia Mbili: Usawiri wa Nyeri katika Vitabu vya Mwongozo wa Watalii

Wahakiki wetu hawajavishughulikia sana vitabu vya mwongozo wa watalii. Hata hivyo, kama ilivyo riwaya, vitabu hivi vina msimulizi, vina wahusika, na vina namna ya kuteua la kusemwa na la kunyamaziwa. Makala haya yanauchunguza uteuzi huo kwa kuangalia mahali pamoja: hoteli ya Treetops, karibu na mji wa Nyeri.

Eric Sherbrooke Walker alifungua hoteli ya Outspan mjini Nyeri mwaka 1928, na mwaka 1932 akafungua Treetops juu ya mti katika msitu wa Nyandarua. Binti Mfalme Elizabeth alilala hapo usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, siku aliyofariki baba yake, Mfalme George wa Sita. Jim Corbett, mwindaji aliyehamia Kenya kutoka India mwaka 1947, alikuwapo. Kijitabu chake, Treetops, kilichapishwa mwaka 1955. Tangu hapo, masimulizi ya binti mfalme aliyepanda mtini na kushuka akiwa malkia yamerudiwa hata yakawa kama ngano.

Ngano hii ina muundo wake. Shujaa ni mgeni, msitu ni jukwaa, wanyama ndio wenyeji. Naye Mwafrika, akitajwa, ni mpagazi au mpishi. Lakini tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Msitu uleule ukawa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau, nao wakaichoma Treetops mwaka 1954. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa mjini Nyeri, na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwaka huohuo hoteli ilijengwa upya.

Tukio la 1954, linapotajwa, kwa kawaida hupewa sentensi moja, tena katika kauli ya kutendwa: hoteli iliteketezwa. Tendo lisilo na mtenda halina sababu. Ardhi iliyonyakuliwa, kipande, na vijiji ambamo watu walifungiwa kwa nguvu vyote hutoweka katika kiambishi kimoja cha kitenzi. Huenda ikadaiwa kwamba kitabu cha mwongozo si kitabu cha historia, na kwamba kurasa zake ni chache. Hoja hii haitoshi, kwa kuwa nafasi ya kumweleza binti mfalme imepatikana.

Hata hivyo, si haki kuwatwika wageni lawama yote. Sheria ya kikoloni iliyoipiga Mau Mau marufuku ilibakia katika vitabu vya sheria vya Kenya hadi mwaka 2003. Mwandishi mgeni aliukuta ukimya ambao taifa lenyewe lilikuwa limeuhalalisha, akautafsiri kuwa utulivu wa mandhari.

Kwa hiyo, kuongeza jina la Kimathi pembeni mwa ukurasa hakutoshi. Ni lazima msimulizi abadilike, na mkazi wa Nyeri apewe nafasi ya mtenda katika sentensi inayoihusu nchi yake.