Boriti, Chokaa na Kibali

Nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar huanza kufa juu, kimyakimya. Bati likitoboka, mvua ya masika hupenya na maji kushuka ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe, mpaka kwenye ncha ya boriti ya mkoko iliyozikwa humo. Boriti huoza pasipoonekana. Siku ikikatika, dari hushuka na kubomoa ya chini yake.

Zamani maradhi haya yalikuwa na mganga. Nyumba nyingi zilikuwa za wakfu, na sehemu ya kodi ilitumika kuzitengeneza. Ujirani nao ulikuwa na sheria zake: hufungui dirisha linalochungulia ua wa mwenzio.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, na Serikali ikazitwaa nyumba zao. Wakahamia watu wa Pemba na wa mashamba, familia kadhaa nyumba moja. Hawakuwa na kosa. Walihitaji pa kulala. Lakini kodi ilikuwa ndogo mno kununua hata bati, na paa likakosa mwenyewe. Kufikia miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikianguka.

Ndipo mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na 1994 ukapatikana mpango wa kusimamia ujenzi. Kutengeneza kukahitaji kibali. Sharti lililowaudhi wengi ni la chokaa, kwani saruji ni rahisi kupatikana na hukauka upesi. Ila ukuta wa matumbawe hupumua. Ukiupaka saruji, unyevu hunaswa ndani na kuila boriti. Na kwa kuwa nyumba zimebanana, ukuta wa huyu ukilegea, wa jirani hauko salama. Kwa hiyo kibali kinamlinda jirani kwanza, watalii baadaye.

UNESCO iliutambua mji huu kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika matengenezo. Watu wawili walikufa. Hilo ni jumba la pwani, linalotazamwa na kila apitaye. Ndani ya vichochoro vya Malindi na Sokomuhogo kuna nyumba zisizo na jina, na watoto wanalala chini ya boriti za aina ileile.